Habari za James Chuma, Mtumishi Mwaminifu

Reli itokayo Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo watu waliuvuka uwanda huu wetu wa kati kwa miguu, mizigo vichwani na mabegani, wakitafuta maji na kuhesabu siku. Misafara ya pembe na misafara ya watumwa ilikuwa mingi isiyohesabika. Walakini mwishoni mwa mwaka 1873 ulitoka Unyanyembe msafara mmoja usiofanana na mingine, kwa maana mzigo wake mkubwa ulikuwa maiti ya mtu mmoja, iliyokaushwa na kufungwa katika nguo na magome ya mti. Mmoja wa viongozi wake wawili alikuwa kijana Myao, umri wake yapata miaka ishirini na mitatu, jina lake James Chuma.

Jina hili wengi wamelisikia shuleni pamoja na jina la Susi, kana kwamba watu hao wawili walizaliwa siku moja na kufa siku moja. Maisha ya Chuma mwenyewe wachache wayajua. Nataka kuyasimulia hapa, maana sisi tunaolea vijana katika sharika twaulizwa mara kwa mara jinsi tabia ya mtu inavyojengwa, na maisha haya yana jibu lake.

Chuma alizaliwa yapata mwaka 1850 katika Wayao, upande wa Ziwa Nyasa. Angali mtoto akauzwa utumwani. Mwezi wa Julai 1861 alikuwa katika msafara uliokuwa ukipita katika milima ya Shire, katika nchi iitwayo leo Malawi. Siku zile Dakta David Livingstone alikuwa akimwongoza Askofu Charles Mackenzie na wenzake wa misheni ya UMCA, wakitafuta mahali pa kukaa. Walipokuwa katika kijiji cha Mbame, msafara ule ukatokea. Wenye watumwa walipowaona Wazungu wakakimbia. Watu 84 wakafunguliwa, wengi wao wanawake na watoto. Kamba zikakatwa kwa visu, na makongwa ya shingoni yakakatwa kwa msumeno. (Kongwa ni ule mti mzito wenye panda waliofungiwa watumwa, msomaji wa kwetu asidhani ninasema habari za mji wa Kongwa.) Wanawake wakaambiwa wajipikie chakula, na miti ile iliyowafunga ikawa kuni zao.

Chuma na mtoto mwenziwe, aitwaye Wekotani, wakakaa na misheni mahali paitwapo Magomero. Hapakuwa mahali pa raha. Njaa ilikuja, na homa ikaja, na Askofu Mackenzie mwenyewe akafa Januari 1862, hata mwaka mmoja haujatimia. Baadaye misheni ikahamia Unguja. Mwaka 1864 Livingstone akawachukua watoto wale wawili katika merikebu yake ndogo ya moshi, Lady Nyassa, ambayo aliiongoza mwenyewe kutoka Unguja hata Bombay katika Bara Hindi. Siku 45 walikuwa baharini. Huko Bombay akawaweka katika shule ya Dakta John Wilson wa misheni ya Kiskoti, wakajifunza kusoma na kuandika, na Desemba 1865 wakabatizwa. Wekotani akaitwa John, na Chuma akaitwa James.

Basi, mtu akiishia hapa atasema: Mtoto aliyekombolewa, akafundishwa, akabatizwa, kazi imekwisha. Sisi wachungaji twaijua habari hii. Kijana hupokea Kipaimara amevaa nguo nyeupe, wazazi wake hufurahi, sote hudhani nyumba imejengwa, kumbe uliochimbwa ni msingi tu.

Mwezi wa Machi 1866 Livingstone alishuka pwani ya Mikindani kuanza safari yake ya mwisho. Chuma na Wekotani walikuwamo, na Susi na Amoda, watu wa Shupanga katika mto Zambezi, na vijana tisa wa shule ya Nasik, na askari Wahindi, na watu kumi wa visiwa vya Ngazija. Hesabu hiyo ilipungua upesi. Askari walirudishwa. Wekotani alipofika upande wa Ziwa Nyasa aliwakuta jamaa zake, akabaki nao. Watu wa Ngazija waliogopa Wamazitu, wakarudi pwani na kueneza habari ya uongo kwamba Dakta ameuawa. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa, na tangu siku hiyo Livingstone hakuwa na dawa ya homa.

Sasa nafika mahali ambapo wasimulizi wengi huparuka. Mwezi wa Aprili 1868, Livingstone alipotaka kugeuka kusini kulitafuta ziwa la Bangweulu, watu wake walikataa. Walikuwa wamechoka, na mfanyabiashara mmoja Mwarabu aliwatia moyo wabaki naye. Watu wachache tu walikubali kwenda. Chuma alikuwa miongoni mwa waliokataa, na Susi pia. Miezi ile waliishi kama walivyotaka wenyewe, bila mtu wa kuwaamuru.

Livingstone alikwenda, akaliona ziwa lile Julai 1868, akarudi. Waliomwacha wakataka kurudi kwake, naye mwezi wa Novemba akawapokea. Hakuwahukumu vikali moyoni mwake, kwa kuwa alijua wamechoka kutembea, naye mwenyewe alikuwa amechoka. Tena alikiri kwamba yeye pia ana makosa yake. Mimi naona mwezi huo wa Novemba ulikuwa na nguvu katika maisha ya Chuma kupita siku ile ya Mbame. Kule Mbame alifunguliwa kamba asiyoifunga mwenyewe. Hapa alisamehewa kosa lililokuwa lake. Bwana wetu alisimulia habari za wana wawili walioagizwa kwenda shambani, na mmoja alisema haendi, kisha akajuta akaenda. Chuma alikuwa yule aliyesema haendi.

Tangu hapo twamwona akienda. Mwanzo wa mwaka 1869 Livingstone aliugua mapafu, akachukuliwa kitandani mpaka Ziwa Tanganyika. Kisha wakavuka kwenda Manyema, nchi ya misitu na matope, na huko wengine waliobaki wakamwacha tena. Tarehe 26 Juni 1870 alipotoka Bambarre kutafuta njia alikuwa na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Hawakufika mbali. Miguu ya Dakta ilishikwa na vidonda vibaya, akalala kibandani siku 80. Fikirini siku 80 hizo. Hapana safari, hapana sifa, hapana mshahara uliokuwa ukionekana. Kuna mgonjwa wa kulishwa, na maji ya kuteka, na mvua. Katika vitabu siku hizo zina mistari michache tu, wala hapana mtu aliyepewa nishani kwa ajili yake. Lakini nikiulizwa Chuma alijengwa wapi, nitasema alijengwa katika kibanda kile.

Habari za Stanley kumkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 zajulikana na kila mtoto wa shule, nami sitazirudia. Stanley aliporudi pwani mwaka 1872 alituma wapagazi 57, nao walimfikia Livingstone Unyanyembe mwezi wa Agosti. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, kijana wa Nasik aliyejua kuandika vizuri. Msafara ukaenda tena kusini, ukaingia katika maji ya Bangweulu wakati wa mvua. Nchi yote ilikuwa ziwa. Walimbeba Dakta mabegani kwa zamu katika maji yaliyofika kifuani, Chuma akiwa mmoja wao. Hatimaye hakuweza hata kubebwa mabegani, wakamtengenezea machela. Katika kijiji cha mtemi Chitambo, mwanzo wa Mei 1873, kabla ya mapambazuko, mtoto aliyelala karibu naye alimwita Susi kwa hofu. Susi akamwamsha Chuma na wengine. Wakaingia wakamkuta Dakta amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake katika mikono yake juu ya mto, naye amekwisha kufa.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Wako watu siku hizi wasemao kwamba Chuma na wenzake walikuwa watumishi wa Mzungu tu, wakafuata amri kama walivyozoea. Mimi nawauliza: Ni amri ya nani? Asubuhi ile hapakuwa na Mzungu katika nchi ile yote. Aliyewaajiri amekufa. Walikuwa na bunduki, na nguo, na njia iliyo wazi mbele yao; wangeweza kumzika kwa heshima chini ya mti, wakaenda zao, wala hapana ambaye angewalaumu. Kumchukua maiti katikati ya nchi za watu kulikuwa hatari kubwa. Kila kijiji kiliogopa maiti, na mtemi aweza kuwatoza faini au kuwashitaki kwa uchawi. Walikutana wote, wakashauriana, wakawachagua Susi na Chuma kuwa wakuu wao, wakakata shauri la kumrudisha kwao pamoja na vitabu vyake na vyombo vyake vyote. Masanduku yakafunguliwa mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright akaandika kila kitu kilichomo, ili mtu asisingiziwe wala asiibe. Utii wa Chuma ulikuwa umekoma kuwa utii kwa sauti ya mtu. Ulikuwa umekwisha kuwa wake mwenyewe.

Kwanza walitaka kumficha Chitambo jambo lile. Lakini mtemi alipata habari, na Chuma akaenda kwake. Chitambo hakukasirika, bali aliwasaidia, akaja na watu wake kuomboleza kwa ngoma na nyimbo za kwao. Haifai kumsahau mtemi huyu, ambaye hakuwa Mkristo. Wakajenga ua imara usio na paa. Farijala, aliyekuwa amemtumikia daktari Unguja, akaupasua mwili. Moyo na matumbo yakazikwa pale chini ya mti mkubwa, na Wainwright akasoma ibada ya mazishi. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa kwa jua siku 14, kisha ukafungwa katika nguo, na magome ya mti, na turubai, ukapakwa lami. Ukafungwa kwenye mti mrefu ili watu wawili waweze kuuchukua.

Njia ilikuwa ndefu na mbaya. Siku chache baada ya kuondoka, karibu nusu ya watu waliugua, na Susi miongoni mwao, wakakaa muda wa mwezi mzima wasiweze kwenda. Wanawake wawili walikufa. Wakavuka Luapula. Katika kijiji kimoja walipigana na wenyeji, jambo lisilopendeza kusimuliwa. Wakauzunguka mwisho wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wakapanda kuelekea Unyanyembe.

Njiani wakapata habari kwamba Wazungu wamefika Unyanyembe kumtafuta Livingstone. Wainwright akaandika barua, na Chuma akatangulia nayo kwa haraka. Mwezi wa Oktoba 1873 akamkuta Luteni Cameron. Cameron alikuwa mgonjwa wa homa pamoja na wenzake, naye alipofikiri taabu ya njia iliyobaki, alishauri Livingstone azikwe papo hapo. Alikuwa ofisa wa Kiingereza, ametumwa na Chama cha Jiografia cha Kifalme, na hao walikuwa wapagazi. Walimsikiliza kwa adabu, na wakakataa. Cameron akachukua vyombo vya kupimia vya Dakta kwa safari yake mwenyewe, nao wakaviacha. Maiti hawakuiacha. Kukataa huku ni tofauti na kule kwa mwaka 1868. Mara ya kwanza Chuma alikataa kwenda kwa kuwa amechoka. Mara ya pili alikataa kupumzika, na uchovu wake ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Wakatoka Unyanyembe pamoja na wenzake wawili wa Cameron waliokuwa wakirudi pwani. Mmoja wao, Dakta Dillon, alijiua njiani kwa bunduki katika wazimu wa homa. Huko Kasekera watu wa nchi walisikia habari ya maiti, wakazuia njia. Basi Chuma na wenzake wakafanya hila. Walivunja mzigo wakaufunga upya, mfupi, kama robota la nguo za kuuzia. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa sanda kwa mfano wa maiti, wakawatuma watu wachache kwa kilio kuyarudisha Unyanyembe kana kwamba wamekubali kumzika. Watu hao walipofika porini wakayatupa mabua huku na huku, wakarudi usiku. Wazee wa kanisa wakitaka kushindana kama hila hiyo ilimpasa Mkristo, nawaachia wao.

Ndivyo walivyouvuka uwanda wa kati. Ilikuwa ni miezi ile ambayo kwetu mawingu huanza kukusanyika na mvua za kwanza hunyesha, wakati kila mtu hushika jembe na hakuna apendaye kuwa njiani. Msichana mmoja mdogo aitwaye Losi aliumwa na nyoka, akafa kabla hata hawajajua la kumfanyia. Mwezi wa Februari 1874, miezi tisa tangu Chitambo, wakaiona bahari, na mapadre wa misheni ya Bagamoyo wakaipokea maiti. Walikuwa wamekwenda zaidi ya maili 1,000.

Chuma akavuka kwenda Unguja kumpasha habari balozi wa Uingereza. Mji aliouingia ulikuwa umebadilika. Tarehe 5 Juni 1873, yeye angali ndani bara na mzigo wake, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kuifunga soko la watumwa. Jambo ambalo Livingstone alililia miaka mingi lilikuwa limetendeka mwezi mmoja baada ya kufa kwake, na waliokuwa wakimchukua hawakulijua.

Na tuzo yao? Kaimu balozi aliwalipa mishahara yao, wakaachiliwa waende zao. Maiti ilitiwa katika merikebu, na katika wote wale aliyesafiri nayo hata Uingereza ni Jacob Wainwright peke yake. Huko iliyowathibitishia kwamba ndiye Livingstone ni mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba zamani. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa katika Westminster Abbey, na Chuma na Susi hawakuwapo. Naona aibu kwa niaba ya waliopanga mambo hayo. Baadaye rafiki wa Livingstone, James Young, alilipa nauli yao, nao wakafika mazishi yamekwisha. Walakini hawakukaa kununa. Walikaa na Kasisi Horace Waller, aliyekuwa akitengeneza kitabu cha habari za siku za mwisho za Livingstone, wakamweleza siku kwa siku mambo yasiyoandikwa, kwa kumbukumbu kamili. Bila wao tusingejua habari za Chitambo. Chama cha Jiografia kikawapa nishani.

Chuma aliporudi Unguja hakutafuta kuishi kwa jina lake. Aliingia tena katika kazi ya misafara, safari hii kwa misheni ile ile iliyomlea. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Edward Steere kwenda kwa Mataka wa Wayao, na mwaka 1876 aliongoza msafara wa watumwa waliofunguliwa, waliokwenda kuanzisha makao ya Kikristo Masasi. Mtoto wa Mbame sasa ndiye aliyewaonyesha njia wenziwe. Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa wapagazi wa Keith Johnston. Na Johnston alipokufa Behobeho mwezi wa Juni, safari ikabaki katika mikono ya kijana wa miaka 21, Joseph Thomson, asiyejua bara la Afrika, pamoja na Chuma aliyelijua. Walifika Nyasa na Tanganyika na kurudi pwani mwaka 1880, wala katika safari hiyo yote Thomson hakupiga bunduki mtu yeyote, kwa kushambulia wala kwa kujilinda. Sifa hiyo Thomson aliipata. Lakini aliyekaa na watemi akisema nao lugha zao, akicheka nao, akikata shauri la hongo, alikuwa Chuma.

Si kwamba alikuwa mtu asiye na doa. Alipenda kusema, na hadithi zake ziliongezeka utamu kila aliposimulia. Fedha hazikukaa mkononi mwake. Alipolipwa aliwagawia rafiki zake, akavaa vizuri, zikaisha. Nayaandika haya ili vijana wetu wasidhani ninawasimulia habari za malaika.

Mwaka 1882 aliugua kifua kikuu, akafa katika hospitali ya misheni huko Unguja. Alikuwa na umri wa yapata miaka 32 tu. Susi aliendelea na kazi ya misafara ya misheni baada yake. Tangu mwanzo hakuwa amebatizwa, ingawa alikuwa amemtumikia Livingstone miaka mingi na kumbeba kama ndugu. Mwaka 1886, miaka minne baada ya kifo cha Chuma, aliomba ubatizo mwenyewe, akapewa jina la David. Alikufa Unguja mwaka 1891.